Uani kwa Mangi: Marangu na Hoteli Zake za Mwanzo



Mgeni akishuka kwenye daladala pale Marangu Mtoni akauliza hoteli iko wapi, atajibiwa kwa swali: ya kula au ya kulala? Swali hilo ni la haki. Katika Kiswahili chetu hoteli ya kwanza ni ya kula, yaani benchi, meza ya mbao, chai ya maziwa, chapati, na huku kwetu bakuli la mtori. Ya kulala tunaiita gesti, au nyumba ya wageni, na ikiwa na bustani na bei ya dola ndipo inarudishiwa jina la hoteli. Tunalo pia neno mgahawa, ambalo ndani yake mna kahawa ya Kiarabu, kinywaji cha pwani na barazani. Na hapa kuna kichekesho. Mchaga amelima kahawa zaidi ya miaka 100, ameivuna, ameimenya, ameianika, ameipeleka Moshi, kisha amerudi nyumbani kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Nimeanza na maneno kwa sababu yananisaidia kudai jambo moja tu leo. Tunapoulizwa historia ya hoteli za Marangu, tunaanza kuhesabu nyumba: ile ilijengwa na nani, bati lilifika lini, nani aliinunua kwa nani. Mimi nasema biashara ya kupokea wageni Marangu haikuanza na nyumba. Ilianza uani kwa mangi, yaani chifu wetu wa Kichaga. Waliokuja na matofali na mabati waliirithi, na katika kuirithi waliibadilisha ikawa kitu ambacho mangi mwenyewe asingekitambua.

Kwanza tuliondoe neno kijiji. Marangu ya zamani haikuwa kijiji kama tunavyoona vijiji vya Ulaya kwenye picha, nyumba zimebanana, kanisa katikati. Ilikuwa uchifu. Watu walikaa kila mmoja ndani ya kihamba chake, migomba juu, magimbi chini, ua wa masale kandokando, na mifongo ikiteremsha maji ya mlima kupita kwa kila ukoo kwa zamu. Ukipita barabarani huoni nyumba, unaona migomba. Hata leo ndivyo ilivyo. Kijiji chenye mwenyekiti na muhuri tumekipata kwa sheria ya mwaka 1975, na huku kwetu hakuna aliyehamishwa, maana hakukuwa na mahali pa kumhamishia. Leo Marangu ni kata mbili, Mashariki na Magharibi, katika Vunjo. Pale Mtoni, penye stendi na maduka, ni zao la barabara. Basi ninaposema Marangu ya mwanzo, msifikirie mtaa. Fikirieni mteremko wa kijani wenye mito na mifereji mingi, na wenyeji wanasema jina lenyewe linatokana na wingi huo wa maji.

Sasa wageni. Wa kwanza hawakuwa Wazungu. Chini yetu, upande wa mashariki, iko Taveta. Katika karne ya 19 misafara ya pwani kutoka Mombasa, Tanga na Pangani ilipumzika pale kwenye kivuli cha msitu, ikanunua chakula, ikajipanga upya kabla ya kuingia Umasaini au kupanda Uchagani kutafuta pembe za ndovu. Wafanyabiashara hao walikuwa na wapagazi wao, kirongozi wao, mnyapara wao na posho yao. Yashikeni maneno hayo manne, tutayakuta tena mlimani yakiwa na viatu. Walipopanda kwa mangi walikuja na hongo: amerikani, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Mangi aliwapa mahali pa kupiga kambi, akawaruhusu wanawake washuke na ndizi, maharage na magimbi kuwauzia, akawapa ng'ombe au mbuzi wa kuchinja. Hapo tayari kuna malazi, kuna chakula, kuna ulinzi na kuna malipo. Kilichokosekana ni kibao mlangoni.

Mzungu wa kwanza kuandika juu ya theluji yetu, Johannes Rebmann, aliletwa na watu hao hao. Mwaka 1848 aliongozwa na Mswahili mmoja, Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za Uchagani kabla Rebmann hajalijua jina la Uchaga. Tarehe 11 Mei aliona weupe kileleni. Kirongozi alipoulizwa ule weupe ni nini akajibu kwamba ni baridi. Jibu hilo huchekwa na wanajiografia. Mimi naliona ni jibu la mtu makini: kaitaja sifa aliyokuwa na uhakika nayo. Kule London mtaalamu mmoja wa ramani, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alibisha kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta.

Safari ya Rebmann ya mwaka 1849 iliishia vibaya. Mangi Mamkinga wa Machame alimchukulia bidhaa moja baada ya nyingine mpaka msafiri akabaki hana cha kuendelea nacho. Mmishonari mwingine, Charles New, alifika Moshi mwaka 1871 kwa Mangi Rindi, anayejulikana zaidi kwa jina la Mandara, akapanda mlima hadi kuigusa theluji. Aliporudi kwa Mandara mara ya pili alinyang'anywa mali yake, akaondoka mgonjwa, akafa mwaka 1875 kabla ya kufika pwani. Vitabu vya wasafiri vilisomwa na wasafiri waliofuata. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1880 ua wa Moshi ulikuwa na sifa mbaya Ulaya nzima, kama hoteli ambayo mgeni akitoka anawaambia wenzake: pale usilaze kichwa, utaamka huna viatu.

Hapo ndipo anapoingia Mangi Marealle wa Marangu.

Marealle alitawala uchifu mdogo uliobanwa na wakubwa. Moshi alikuwepo Mandara, Kibosho alikuwepo Sina, ambaye majeshi yake yaliogopwa mlima mzima. Marangu haikuwa na nguvu za kuwapiga hao. Mwenye nguvu huweza kunyang'anya. Asiye na nguvu inampasa akaribishe, na Marealle alikaribisha kwa akili. Mwaka 1887 alipita mkabaila Samuel Teleki, Mhungaria, pamoja na Ludwig von Höhnel, wakielekea ziwa ambalo baadaye waliliita Rudolf, leo Turkana. Teleki alijaribu mlima kutokea upande wetu akafika karibu mita 4,800, akashindwa na hewa. Mwaka huo huo akaja Mjerumani Hans Meyer kwa jaribio lake la kwanza. Mwaka 1891 akaja mwanamke wa Kimarekani, May French-Sheldon, na msafara wake mwenyewe, jambo lililowashangaza Wazungu kuliko lilivyowashangaza Wachaga, ambao sokoni kwao biashara ilikuwa ya wanawake tangu zamani. Wote hao walimwona Marealle, wakala kwake, wakaondoka na vitu vyao. Habari ikasambaa.

Watu hujiuliza kwa nini njia ya kwanza ya mlima ni ya Marangu na si ya Machame au ya Kibosho. Wataalamu wa miamba watakwambia mteremko wa kusini mashariki ni wa polepole, na lile tambarare kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi linapitika. Ni kweli. Ongezeni na ukaribu wa Taveta, ambao nao ni kweli. Lakini mteremko haukumzuia mtu yeyote kuanzia kwa Mandara, na New alianzia huko. Kilichowaleta kwetu ni mwenyeji. Lango la mlima liliwekwa Marangu na siasa za mtu mmoja aliyeelewa kwamba mgeni aliyeshiba ana faida kuliko mgeni aliyevuliwa nguo.

Meyer alirudi mwaka 1888 akiwa na Oscar Baumann. Hata Marangu hawakufika, maana vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimelipuka pwani, wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakakombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu, safari hii na mpanda milima wa Kiaustria, Ludwig Purtscheller. Walipokelewa na Marealle, wakapewa wenyeji wa kuwaonyesha njia ya msituni, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni, pale walipopaita kwa jina la mfalme wa Kijerumani.

Katika safari hiyo yuko mtu ninayempenda kuliko Meyer. Anaitwa Mwini Amani, mwenyeji wa Pangani. Wapagazi wengine walipoteremshwa chini kwa ajili ya baridi, yeye alibaki na Wazungu wawili kwenye kambi iliyo juu ya mita 4,000, siku baada ya siku, akiwasha moto, akipika, akilinda hema huku wao wakienda barafuni na kurudi. Kijana wa minazi na mikoko akae juu ya mawingu! Kama mnataka kujua nani alikuwa mlinzi wa kwanza wa nyumba ya wageni juu ya Kilimanjaro, basi msimtafute Mjerumani. Alikuwa Mswahili wa Pangani, na nyumba ilikuwa ya turubai. Kwa upande wetu wa Marangu mapokeo yanamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa aliongoza safari hiyo, naye aliheshimiwa sana mwaka 1989 wakati wa kuadhimisha miaka 100, akafariki mwaka 1996 akiwa mkongwe mno. Wanahistoria wanabishana juu ya umri wake. Waacheni wabishane. Jina lake na la wenzake liko kwenye jiwe la kumbukumbu pale langoni, na njia haikujionyesha yenyewe.

Tunayo methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa tazameni yaliyotokea Marangu siku ya tatu.

Mwaka 1891 Carl Peters alitumwa na serikali ya Kijerumani kuja kuwa mkuu wa eneo la Kilimanjaro, akaiweka ngome yake Marangu. Mgeni sasa alikuwa na boma, na askari, na bendera. Mwezi Oktoba mwaka huo alimnyonga mtumishi wake, kijana aliyeitwa Mabruk. Januari 1892 akamnyonga msichana wa Kichaga, Jagodja, aliyekuwa akiishi pale ngomeni na kukimbia. Ilisemwa kuna wizi, ilisemwa kuna ujasusi. Kule Berlin mambo yalipofika bungeni ikasemwa wazi zaidi kwamba ulikuwa wivu wa bwana mkubwa juu ya mwanamke, na Peters alifukuzwa kazi mwaka 1897. Mabruk na Jagodja hawana jiwe langoni.

Juni 1892 Mangi Meli wa Moshi, mtoto wa Mandara, alilipiga jeshi la Wajerumani lililotoka Marangu, akamuua mkuu wake, von Bülow, na boma la Marangu likaachwa tupu. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa, wakamshinda Meli, wakahamishia makao yao Moshi. Marangu ikabaki na rafiki yao Marealle, ambaye sasa alikuwa mkubwa kuliko mamangi wote aliokuwa akiwaogopa. Tarehe 2 Machi 1900 mamangi na wakuu 19 walinyongwa Moshi, wakiwemo Meli mwenyewe, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha, kwa tuhuma za njama dhidi ya Wajerumani. Wachaga wengi hadi leo wanaamini kwamba mkono wa Marealle ulikuwemo katika tuhuma hizo. Wajukuu wa Meli wanatafuta fuvu lake huko Ujerumani mpaka sasa. Miaka michache baadaye upepo ukamgeukia Marealle mwenyewe, akashtakiwa kwa Wajerumani hao hao, akakimbilia upande wa Waingereza.

Nayasema haya katika mhadhara wa hoteli na najua baadhi yenu mnaniangalia mkisema, mbona umetupeleka kwenye kitanzi? Kwa sababu yule yule aliyeanzisha ukarimu wa Marangu ndiye anayeaminiwa na wengi kuwa aliulipia kwa shingo za majirani. Na kwa watu wa kawaida methali iligeuka. Mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe: kodi ya kibanda kuanzia mwaka 1898, kazi za lazima barabarani, mashamba ya walowezi yaliyohitaji mikono.

Kahawa iliingia kwa mlango wa mapadre. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikaa Kilema, jirani zetu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakapanda arabika yenye asili ya kisiwa cha Réunion iliyopitia Bagamoyo. Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893 na Mamba, upande wetu wa pili, mwaka 1894, na Marangu ikapata chuo cha ualimu mwaka 1912. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mtu aliyeshuka merikebuni Tanga sasa aliweza kulala Moshi bila kuvaa buti za msafara. Hapo mgeni wa aina mpya akazaliwa: asiyetafuta pembe, wala roho, wala nchi. Alitafuta mlima tu, kisha arudi kwao kusimulia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza chama cha Kijerumani cha mlima kilikuwa kimejenga vibanda viwili juu ya Marangu. Cha chini kiliitwa Bismarck. Cha juu kiliitwa Peters. Ndiyo, Peters huyu huyu wa Mabruk na Jagodja. Watoto wa Marangu walibeba mizigo kwa miaka mingi kwenda kwenye nyumba yenye jina lake.

Sasa tumefika kwenye hoteli zenyewe, na mtashangaa nitakavyokuwa mfupi kwenye kuta.

Za zamani ni mbili. Moja ni Kibo Hotel, ya asili ya Kijerumani, juu kidogo ya Mtoni, yenye bustani na baraza refu la kukalia jioni. Nyingine ni Marangu Hotel, upande wa chini wa barabara, ambayo haikuzaliwa hoteli. Ilikuwa nyumba ya shamba ya familia ya Lany, watu wa asili ya Kicheki waliokuwa wakulima wa kahawa, nayo ilianza kupokea wageni wa kulipa katika miaka ya 1930. Tazameni miaka hiyo. Ndipo bei ya kahawa ilipoanguka dunia nzima. Wachaga wenyewe walikuwa na chama chao cha wakulima tangu mwaka 1925, KNPA, kilichogeuka KNCU mwaka 1933, na mwaka 1937 hasira za bei na za masharti ya kuuza zilifika hadi kuvunja maghala. Mlowezi mwenye nyumba kubwa, vyumba vya ziada na kahawa isiyolipa, mwenye barabara ya mlimani mbele ya geti, afanye nini? Sina shaka kwamba hesabu hiyo ilifanywa kwenye meza nyingi za walowezi Afrika Mashariki miaka hiyo. Kikombe cha kahawa kilikuwa na faida zaidi kikiuzwa kwa mgeni kuliko gunia likiuzwa mnadani.

Lakini kulala na kula hakukuwa kiini cha biashara ya hoteli hizi. Kiini kilikuwa msafara. Mgeni alipofika jioni aliulizwa ana makoti, ana glavu, ana buti, na asipokuwa navyo aliazimwa kutoka stoo kwa malipo. Asubuhi hotelini palijaa watu: kiongozi na msaidizi wake, mpishi, wapagazi waliopimiwa mizigo, kila mmoja na ngata yake kichwani. Kulikuwa na posho ya kugawa, kuni za kufunga, kuku wa kubeba hai. Kisha wote wakaondoka kwa miguu tangu getini kwa hoteli, si kama leo mnavyopelekwa kwa gari hadi lango lililoko karibu mita 1,900. Siku ya kwanza Bismarck, penye mita 2,700 hivi. Ya pili Peters, mita 3,720. Ya tatu miamba ya juu, ambako mwaka 1932 kulijengwa kibanda cha Kibo kwenye mita 4,700, na usiku wa manane kuanza kupanda kokoto. Siku tano kwenda na kurudi. Aliyefika alivishwa na viongozi wake taji la maua makavu ya mlimani, yale yasiyonyauka, akateremka nalo kichwani mpaka barazani, akanywa bia akitazamwa na waliokuwa wanasubiri zamu yao.

Mnaona? Ni msafara wa Taveta ule ule. Kirongozi amekuwa kiongozi, mnyapara amekuwa msimamizi wa wapagazi, posho imebaki posho, hongo imekuwa ada. Mwenye ua tu ndiye aliyebadilika. Zamani mgeni alimlipa mangi, mangi akagawa chini kwa watu wake, kwa haki au kwa upendeleo. Sasa mgeni alimlipa mwenye hoteli, na mwenye hoteli akawa ndiye anayejua nani ni hodari, nani anywe dawa, nani asipandishwe tena. Kijana wa Marangu aliyetaka fedha ya kodi au ya ada ya shule alikuwa na milango miwili: kahawa ya baba yake, au geti la hoteli alfajiri.

Wapagazi wa Kilimanjaro wanaitwa wagumu, na jina hilo walijipa wenyewe. Nimekua nikiwasikiliza wazee wa kazi hiyo wakinywa mbege, na jambo moja lilinishangaza. Hawazungumzi juu ya kilele. Kilele ni cha mgeni. Wanazungumza juu ya mahali pa kulala. Pango gani lilikuwa kavu, jiwe gani lilikata upepo, nani alikuwa na blanketi mbili, nani alijifunika gunia. Wageni walilala kibandani, na mara nyingi wao walilala walipopata. Hiyo nayo ni historia ya malazi ya Marangu, ila haina kitabu cha wageni.

Vitabu vya wageni vimetupatia majina makubwa, na sitawanyima. Mchungaji Richard Reusch, mmishonari wa Kilutheri aliyehudumu huku, alipanda mara nyingi kiasi kwamba shimo la volkano la Kibo limepewa jina lake. Mwaka 1926 alimkuta chui aliyeganda karibu na ukingo wa juu. Chui huyo akapata umaarufu duniani baada ya Ernest Hemingway kumtia kwenye hadithi yake ya mwaka 1936, akiwa amefika juu kuliko Hemingway. Mwaka 1927 Sheila MacDonald alikuwa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha juu kabisa. Mwaka 1930 walipita Eric Shipton na Bill Tilman, walowezi vijana kutoka Kenya, ambao baadaye majina yao yalikuwa makubwa Himalaya. Mwanzoni mwa mwaka 1959 mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alilala Kibo Hotel, akaisifu, na kwa mtu aliyekuwa mgumu wa kusifu kama Waugh hiyo ni hati ya kutundika ukutani. Rais mstaafu wa Marekani, Jimmy Carter, alikuja mwaka 1988. Na mkutano wa kwanza wa Walutheri wa Afrika nzima ulifanyika Marangu, Novemba 1955. Bara zima likaja kwenye migomba.

Mapema zaidi kidogo, mwaka 1947, Petro Itosi Marealle, mangi wa ukoo huo huo, alichapisha kitabu cha Kiswahili juu ya maisha ya Mchaga hapa duniani na ahera. Nakitaja kwa sababu katika miaka ambayo wageni waliandika sana juu yetu barazani, mwenyeji mmoja naye alikuwa ameketi anaandika.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka mwenge na bendera kileleni, na kilele kikaitwa Uhuru. Mwaka 1973 ikaundwa hifadhi ya taifa ya mlima, nayo ikafunguliwa rasmi mwaka 1977. Uwanja wa ndege ulikuwa umekwisha kujengwa kati ya Moshi na Arusha tangu mwaka 1971. Hapo ukiritimba wa hoteli mbili ukaisha taratibu. Ada ikalipwa langoni, kampuni zikazaliwa Moshi na Arusha, Machame ikapata njia yake na sifa yake, na njia yetu ikabandikwa jina la Coca-Cola kwa dharau, eti ni laini. Waulizeni waliotapika Gillman, pale ukingoni karibu na kilele. Ila kitu kimoja bado ni chetu peke yetu: njia ya Marangu ndiyo pekee ambayo mpandaji analala kwenye vibanda. Kwingine ni mahema. Desturi ya nyumba imeng'ang'ania huku.

Vibanda vile vya Kijerumani vilibadilishwa majina. Peters kikawa Horombo, kwa heshima ya mangi wa Keni aliyewahi kutawala sehemu kubwa ya mlima upande wa Rombo. Bismarck kikawa Mandara. Mandara wa Moshi! Yule yule ambaye wageni walimkimbia wakaja Marangu. Kila mgeni anayeanza safari leo kwetu analala usiku wake wa kwanza nyumbani kwa mpinzani wa Marealle, anaamka salama na viatu vyake, wala hajui. Marealle mwenyewe hana kibanda. Nikiyafikiria ya mwaka 1900, sijui kama natakiwa kulalamika.

Nimalize kwa ombi, maana nimeahidiwa kwamba mlangoni kutakuwa na meza na mtu mwenye daftari. Historia ya hoteli hizi imeandikwa kutokana na vitabu vya wageni na vitabu vya wasafiri. Viongozi wa zamani walikuwa na karatasi zao pia: barua za sifa walizoandikiwa na wageni, vipande vya kazi, picha waliyotumiwa kwa posta kutoka Leipzig au Nairobi, ikiwa imeandikwa nyuma jina lililokosewa herufi. Nyingi ziko darini, ndani ya makopo ya biskuti, zinaliwa na mende. Kama kwenu iko moja, msiitupe na msiniuzie. Ileteni tuipige picha, tuandike ni ya babu yupi, alipanda mwaka gani, alilala wapi. Mwenye daftari yuko hapo hadi saa kumi na mbili jioni, na chai ipo. Kahawa pia ipo, kwa atakayeitaka.